Jani la Siku ya Kumi

Mwanamke akikwambia haogopi mama mkwe, mwulize kwanza kama anaye. Mimi wakati ule sikuwa naye, ndiyo kwanza nilikuwa namtafuta, na asubuhi ile nilibadilisha blauzi mara tatu mpaka binti yangu, mwenye miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini, akaniuliza, "Mama, unaenda kazini au unaenda harusini?"

"Kazini. Maliza chai yako."

"Na hayo manukato?"

"Chai yako, nimesema."

Nilikuwa naenda kuonwa. Baada ya miezi minane ya kukataa, mama yake Mpole alikuwa amekubali kuja kazini kwetu kuniona, mara moja tu, saa tano na nusu. Sababu zake za kukataa zilikuwa mbili na hakuwahi kuzificha: nimemzidi mwanawe miaka saba, na niliwahi kuolewa nikaachika, mtoto mkononi. Mpole aliniapia kwamba ananipenda, nami nilimwamini, maana macho yake hayajui kudanganya. Lakini aliniapia na jambo la pili. "Bila baraka ya mama, mpenzi, siwezi kukuoa. Amenilea peke yake kwa cherehani. Nitamwambia nini?" Kwa hiyo furaha yangu yote ilitegemea ziara moja ya fundi nguo mmoja, na ziara ya pili haikuwepo.

Jina la Mpole alibandikwa chuoni na limemganda. Ni mtafiti wa mimea, mrefu, mwenye vidole vya kushika mche mchanga bila kuuvunja. Mimi ni fundi wa vipimo katika nyumba ya vioo anakofanyia utafiti wake. Mwaka wa kumi na moja huu nabana majani na kusoma namba, na wenzangu wananiita Mama Vipimo. Wapo wanaosema Mpole alinipenda kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ninayeweza kukaa naye saa tatu bila kumlazimisha kuongea. Waache waseme. Mimi najua alianza kunipenda siku niliyomkatalia namba aliyotamani iwe kweli, nikampimia upya mpaka ukweli ukatoka.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hutaelewa jinsi nilivyojiponza.

Jani ni seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Kwenye utando huo kuna protini zilizojikunja zikaacha uwazi katikati, vijilango vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupitia humo. Mpole aliamini kwamba baadhi ya vijilango hivyo hupitisha pia hewa ya ukaa, ile ambayo jani huichanganya na maji na mwanga wa jua likajipikia chakula. Basi miaka minne alikuwa akikuza miche ya nyanya yenye vijilango vingi kuliko kawaida. Ikipata maji, ilikua mpaka unaiona raha. Ilijipikia, ikanenepa, ikaziacha nyanya za kawaida chini kabisa. Lakini mche unaovuta hewa nyingi hupoteza maji mengi vilevile, na swali la miaka yake minne lilikuwa hilo tu: ikikosa maji, itavumilia, au itakuwa ya kwanza kufa?

Tulikuwa tumeacha kumwagilia siku tisa. Siku ile ilikuwa ya kumi. Kesho yake majani yangekuwa yamejikunja, hayapimiki tena, na mbegu za kuanza upya hazikuwepo.

Kipimo chenyewe kina mkono mrefu wenye vioo viwili vidogo vya kubana jani. Mashine hupuliza hewa juu ya jani, ikahesabu hewa ya ukaa iliyoliwa na mvuke uliotoka. Jani likibanwa hushtuka, hivyo unasubiri dakika nne, tano, mpaka namba zitulie. Na adui mkubwa wa kazi hii ni pumzi ya mtu. Hewa tunayotoa puani ina ukaa mara mia kuliko hewa ya kawaida. Ukipumulia karibu na mdomo wa mashine, namba zinapanda wazimu na jani lile limekwenda na maji.

Kwa kawaida mashine huvuta hewa kutoka juu ya paa kwa bomba refu. Juma lile bomba lilikuwa limepasuka na jipya halijaletwa, kwa hiyo ilivuta hewa ya mle ndani, kwa tundu lililokuwa mezani, usawa wa kifua changu. Siku tatu mimi na Mpole tulikuwa tukiongea tumepeana visogo, mimi nimeelekea ukutani, yeye ameelekea mlangoni. Ikawa mchezo wetu.

"Umelala vizuri?" aliuambia mlango.

"Nimekuota," niliuambia ukuta.

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa umenigeukia."

Akacheka kwa kuziba mdomo, asiharibu namba. Nakwambia, sijawahi kutongozwa vizuri kuliko siku zile tatu.

Siku ya kumi tulianza saa tatu kamili, maana jua likishakuwa kali majani hufunga vitundu vyake na huwezi kuyapima tena. Ilipofika saa nne tulikuwa tumebakiwa na majani mawili. Tulipanga kumaliza saa nne na nusu, ninawe mikono, nipake mafuta, nimpokee mgeni kama mtu mwenye adabu zake. Nikabana jani la kwanza kati ya hayo mawili, la mche bora kuliko yote ya Mpole. Lilikuwa limekaa vibaya pembeni, kisimamio hakilifikii, ikabidi niushike mkono wa mashine kwa mikono miwili na kuganda hivyohivyo. Mpole alikaa mbele ya kioo cha namba.

"Hodi humu ndani."

Nilimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Ni sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wateja wanyooshe mgongo. Saa yangu ilisema saa nne na robo, saa nzima na robo kabla ya ahadi.

"Shikamoo mama," nikasema. Nilikuwa nauangalia ukuta.

"Marahaba." Nyayo zikasogea. "Mwanangu, hujambo? Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," Mpole akanong'ona, akiwa ameelekea mlangoni.

"Mbona ananipa mgongo?"

Ningesema nini, msomaji? Kila neno lilikuwa pumzi, na kwa jinsi nilivyoinama kulifikia jani, tundu lilikuwa chini ya kidevu changu. Nikajaribu kusema machache na kwa haraka, na hapo ndipo nilipoharibu.

"Samahani sana mama, naomba usisogee karibu. Pumzi itaharibu."

Mashine ikaendelea kunguruma.

"Pumzi yangu?" akauliza taratibu.

"Si yako, mama, ni ya..." Namba kwenye kioo ziliruka. Nilimsikia Mpole akivuta hewa kwa meno. Nikafunga mdomo.

"Nimepiga mswaki," mama akasema. Hakuwa anatania. "Nimeamka saa kumi na moja nikapiga pasi gauni hili. Nimepanda magari mawili." Alisimama nyuma yangu karibu sana sasa, nilisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye nguo zake. Halafu sauti yake ikalainika, na huo ulaini ndio unaoniuma hadi leo. "Haya basi. Geuka nikuone, mama."

Nilimtazama Mpole kwa pembe ya jicho. Sikufungwa kamba, nisije nikajitetea kwa uongo. Ningeweza kuliachia jani, nikageuka, nikapiga goti. Lakini lile halikuwa jani langu, lilikuwa miaka yake minne, na yeye ndiye aliyepaswa kuniambia, "Achia." Nilimuuliza kwa macho. Ningeachia kwa kukonyezwa tu.

Mpole alikuwa amebana pumzi. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwenye kioo cha namba, yakabaki huko. Akamnyooshea mama yake kiganja kwa nyuma, kama askari wa barabarani. Subiri.

Mama yake alikitazama kile kiganja. Sikuona uso wake.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Nyayo zake zilitoka bila haraka. Mlango wa nyumba ya vioo una kamba ya kujifunga wenyewe, na ulijifunga.

"Mpole!" nikasema ukutani.

"Sekunde arobaini," akasema kwa mdomo uliobanwa. "Zinatulia. Tafadhali, mpenzi."

Nikamshikia jani lake. Machozi yalinitoka nikiwa nimeganda, yakadondokea kwenye blauzi ya tatu. Namba zilitulia, akabonyeza kuhifadhi, ndipo akaruka mbio. Nilipoliachia jani lilikuwa na alama ya vioo pande zote mbili. Nilizisoma namba kwa mazoea. Hazikuwa nzuri. Mche ule bora ulikuwa umeacha kujipikia chakula, lakini maji yalikuwa bado yanatoka.

Mpole alirudi akihema, na safari hii alikuwa ananitazama.

"Amepanda gari. Nimeliona likiondoka."

"Umempigia?"

"Nitampigia jioni, akishapoa."

"Mpigie sasa hivi."

"Sasa ana hasira."

"Ndiyo maana nasema sasa! Mwambie ni bomba limepasuka. Mwambie tumeongea hivyo siku tatu. Ni sentensi moja, Mpole."

"Nikimpigia ana hasira, atazidi. Namjua mama." Akanishika mikono. Alikuwa amepauka, na nakuapia alikuwa anaumia kweli. "Unadhani mimi napenda? Nimechanganyikiwa. Sijui hata nianzie wapi."

"Basi niende mimi."

Nilisema hivyo ili akatae. Nilitaka aseme hapana, hilo ni langu, kaa hapa nikalitengeneze. Uso wake ukafunguka.

"Kweli? Wewe unajua kuongea kuliko mimi. Akikusikiliza tu atakupenda." Akanibusu kwenye paji la uso. "Nitamalizia lile moja lililobaki."

Niliuona ule unafuu usoni mwake nikajifanya sikuuona. Mapenzi yana upofu wa makusudi, na mimi wangu nilikuwa nao wa kutosha.

Duka la mama yake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na sanamu la nguo lisilo na kichwa lililovaa koti la mtu mnene. Nilimkuta amebana pini mdomoni, anapinda upindo wa sketi. Nilitegemea anifukuze. Afadhali angenifukuza. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, akanifutia kiti kwa kiganja.

"Kaa, mama. Utakunywa maji?"

"Nashukuru, mama. Shikamoo tena."

"Marahaba." Akanitazama sasa, toka nywele hadi viatu. Niliachia uso wangu uonwe. "Kumbe una uso," akasema.

Nilimweleza yote. Nilimweleza bomba lililopasuka, tundu la mezani, jani linaloshtuka. Alikuwa anasikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake, anauliza mahali penye kuulizwa.

"Hivyo vijilango, kwa hiyo, vinapitisha hewa na maji kwa pamoja?"

"Mpole anaamini hivyo, mama. Ukiviongeza, jani linapata hewa zaidi, linajipikia zaidi. Ila maji nayo yanatoka."

"Na mche hauwezi kuvifunga?"

"Unajitahidi. Una pia vitundu vya nje, unavifunga jua likizidi. Lakini ukifunga kila kitu, hewa haiingii, unakufa njaa. Ukiacha wazi, unakufa kiu."

"Masikini," akasema, nikaona kwamba anausikitikia mche kweli. "Na ile pumzi yangu?"

"Ya mtu yeyote, mama. Hata ya mkurugenzi. Juzi alikuja kutusalimia, nikamwambia akasimame nje."

"Mkurugenzi?"

"Alisimama nje, mama. Alitupungia mkono dirishani."

Akacheka. Alicheka kicheko cha kweli, cha tumboni, akavua miwani akajifuta macho, na mimi nikacheka naye mpaka nikaona aibu. Moyo wangu ulipanda. Nilijiona nimeshafika, nimeshavuka, nimeshaitwa mwana. Akafungua mkoba wake akatoa utepe wa kupimia, akauzungusha kidoleni.

"Unauona huu? Nilikuja nao leo. Nilishakata shauri toka juzi. Nilikuja kukupima gauni la harusi."

"Mama..."

"Ngoja nimalize." Akauweka utepe mezani. "Nimekuelewa, na najua husemi uongo. Mtu anayetunga uongo hatungi wa bomba. Mimi sina tena ugomvi na wewe. Wala ile miaka yako saba, wala mtoto wako. Mtoto si donda. Mimi mwenyewe niliachwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni."

"Alinieleza, mama."

"Hakukueleza yote kwa sababu hayajui." Akaichukua ile sketi, akaiweka chini tena. "Aliyenitoa nyumbani kwangu ni mama mkwe wangu. Alitupa nguo zangu uani. Baba yake Mpole alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipiga, hakunitukana, hata siku moja hakuwahi kuniinulia sauti. Watu wote walimsifia. Alisimama akaniangalia naokota nguo zangu, machozi yanamtoka, halafu akaingia ndani. Alikuwa na upole wa ajabu yule mwanamume."

Niliokota pini iliyoanguka sakafuni nikaiweka mezani.

"Nikaapa huyu wangu nitamlea awe na mdomo," akaendelea. "Nilipotajiwa wewe, nikasema hapana. Nikatafuta sababu, nikasema umri, nikasema mtoto. Nilitaka nione atasemaje. Mama, miezi minane! Hajanibishia hata siku moja. Hajaninunia hata. Nasema hapana, anasema 'sawa mama', ananiletea chai. Angebisha mara moja tu, angepiga meza, angeniambia 'mama, huyu simwachi', ningewaozesha Ijumaa ile ile."

"Ndivyo alivyo, mama. Anakuheshimu."

"Heshima!" akasema. "Mwisho nikachoka. Nikajisemea labda nimezidisha, labda anakupenda kimyakimya, acha niende. Nimekuja kukuangalia wewe, nikamwona yeye. Mimi nilidhani natukanwa. Wewe ulikuwa unaangamia mbele yake. Neno moja lingetuokoa sote wawili. Akaninyooshea kiganja."

"Lilikuwa jani la siku ya kumi, mama. Miaka minne..."

"Najua. Ungekuwa wewe?"

Niliutazama ule utepe mezani.

"Ungekuwa wewe, na yule aliyesimama nyuma ni mama yako, na yeye ndiye ameshika mashine?"

"Ningeachia," nikasema. Neno lilitoka kabla sijalizuia.

"Basi." Akavuta pumzi. "Siwezi kukuozesha kwake. Sikatai kwa sababu hufai. Nakataa kwa sababu siku moja kuna mtu atatupa nguo zako uani, atakuwa dada yake wa ukoo, atakuwa bosi, atakuwa mimi nikizeeka nikaharibika akili, na yeye atasimama mlangoni analia. Nimeshaiokota hiyo nguo. Sikupi wewe uiokote."

Nilitafuta la kumtetea. Nilikuwa nayo mengi, jinsi anavyomsaidia binti yangu hesabu, jinsi anavyokumbuka kwamba siwezi kula kitu chenye karanga, jinsi anavyonisubiri kituoni mvua ikinyesha. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililojibu alichokisema.

"Nikimwambia abishe je?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Atabisha. Kwa sababu umemwambia." Akanishika mkono. Kidole chake cha shahada kilikuwa na ugumu wa miaka ya sindano. "Na kesho atakubaliana na atakayemwambia kinyume. Nakuomba usimwambie."

"Bado nampenda, mama."

"Pole, mwanangu. Hata mimi. Nitamfanyaje, ni wangu."

Simu yangu ikaita mkobani. Tulitazamana. Sikuhitaji kuangalia jina. Mama yake akanionyesha kwa kidole: weka sauti nje. Nikaweka.

"Mpenzi," Mpole akasema. "Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Umemweleza habari ya bomba?"

"Nimemweleza. Ameelewa. Ameniamini."

"Oh, afadhali! Nilijua tu. Nimesimama hapa hata kukaa nimeshindwa." Nilimsikia anakaa chini. "Sasa, kasemaje?"

Nilimtazama mama yake. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na niligundua kwamba alikuwa anaomba kukosea. Alitaka mwanawe amwumbue mbele yangu. Angekupokea huko kuumbuliwa kwa vigelegele.

"Kasema hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Hapana kabisa."

Cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda ng'ambo ya ukuta, ikasimama, ikaanza tena. Nilitamani niingie ndani ya simu nimtikise. Sema, baba. Sema ni uonevu. Sema unakuja sasa hivi na hilo koti lako la kazini, upige meza hii pini zimwagike. Tukana hata. Niko hapa, na mama yako yuko hapa, hatuna tunachokitaka duniani ila utubishie.

"Mpole?"

"Nipo, mpenzi."

"Sema kitu."

"Nitasema nini?" Sauti yake ilikuwa imevunjika, alikuwa analia. "Kama mama amesema hapana, basi. Mama ni mama. Huenda mwakani moyo wake ukalainika."

"Huna lingine?"

Alifikiri. Nilimsikia akifikiri, na hata pale, Mungu anisamehe, nilikuwa bado na tumaini.

"Umekula lakini?" akaniuliza. "Toka asubuhi hujala. Nunua kitu njiani, usitembee na njaa."

Alilisema kwa ule upole ulionifanya nimpende, nami nikampenda palepale kuliko siku zote, na sikuwa na uwezo wa kujizuia wala wa kumbadilisha. Mama yake aliichukua simu mkononi mwangu taratibu, akaikata. Akaja upande wangu wa meza akanikumbatia, tukamlilia mtu ambaye hajafa.